Ahadi ni Deni: Historia ya Posho ya Mwalimu wa Mbali



Katika mikutano ya vyama vyetu vya watu wa nyumbani, iwe ni watu wa Lamu, wa Tanga, wa Pemba au wa Kigoma, kuna jambo moja ambalo haupiti mwaka bila kuzungumzwa. Shule ya kwetu haina mwalimu wa hisabati. Alikuwapo, akaondoka. Akaletwa mwingine, akakaa muhula mmoja na nusu, naye akapata uhamisho. Basi mmoja wetu husimama akasema: tuchange, kila mwezi tumwongezee mwalimu kitu juu ya mshahara wa serikali, naye atatulia. Ukumbi hupiga makofi. Wawili watatu huuliza atalipwa kiasi gani na mpaka lini, nao huonekana wabahili.

Tunaandika makala haya kuwatetea hao wawili watatu. Hatusemi kwamba kumwongezea mwalimu fedha ni jambo baya. Tunasema kwamba wazo hilo si geni. Serikali zetu zimelijaribu kwa miaka mingi, na nchi nyingine za Afrika zimelijaribu, na hata Uingereza, tajiri kama ilivyo, imelijaribu. Historia hiyo ipo, na inaonyesha mahali fedha ziliposhika na mahali zilipoteleza. Ni vyema tuijue kabla hatujatoa ahadi kwa mtu ambaye ataipangia maisha yake.

MWALIMU HAKUANZA KUONDOKA JANA

Wakati wa ukoloni, mshahara wa mwalimu katika Kenya na Tanganyika ulipangwa kwa rangi. Mzungu alikuwa na ngazi yake, Mhindi yake, Mwafrika yake, na ya Mwafrika ilikuwa ya chini kabisa. Walimu wengi wa Kiafrika waliajiriwa na misheni, na masharti ya misheni moja hayakuwa sawa na ya jirani yake. Wakati huohuo kijana aliyejua kusoma, kuandika na kuzungumza Kiingereza alikuwa na milango mingine ya kubisha: ukarani wa bandarini, reli, ofisi ya bwana shauri, makampuni ya biashara ya mjini. Haikuwa ajabu basi kwamba wengi wenye uwezo waliifanya kazi ya ualimu kuwa kituo cha kupitia.

Tazama orodha ya viongozi wetu wa kwanza. Daniel arap Moi alikuwa mwalimu mpaka alipoingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955. Ronald Ngala wa Pwani alikuwa mwalimu. Jaramogi Oginga Odinga alifundisha Maseno kabla ya kuingia katika biashara. Julius Nyerere alifundisha Pugu hadi mwaka 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya darasa na siasa. Jina la Mwalimu akabaki nalo, darasa akaliacha. Hawa hawakuondoka kwa ajili ya njaa, lakini nyuma yao walitoka wengi wasiojulikana ambao njaa iliwatoa. Na uhuru ulipokuja, viti vilivyoachwa wazi katika ofisi za serikali vilihitaji watu waliosoma, na watu waliosoma walikuwa shuleni wakifundisha. Shule zikawa kama kisima ambacho kila idara ilitia ndoo yake.

Desemba 1957 walimu wa Kenya waliunda chama chao cha kitaifa, KNUT. Pamoja na suala la mshahara, walitaka jambo moja kubwa: mwajiri mmoja kwa walimu wote, badala ya kila dhehebu na kila halmashauri kuwa na daftari lake la malipo. Baada ya migomo ya miaka ya 1960 dai hilo lilijibiwa. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilianza kazi mwaka 1967. Kuanzia hapo mwalimu alikuwa na mwajiri mmoja, ngazi moja ya mshahara na pensheni moja, awe Nyeri au Kwale.

Huu ulikuwa ushindi mkubwa, lakini ulizaa swali jipya. Ikiwa mshahara wa Nairobi na wa Mandera ni mmoja, nani ataikubali barua ya Mandera? Haki ya mshahara sawa ilifunika ukweli kwamba gharama ya kuishi na kufanya kazi haikuwa sawa. Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa posho ya mazingira magumu.

ASILIMIA 30 NA HESABU YAKE

Posho hii, kwa jinsi ilivyojulikana Kenya, ni nyongeza juu ya mshahara kwa mwalimu anayefanya kazi katika maeneo yaliyotajwa rasmi kuwa magumu: Turkana, Wajir, Mandera, Garissa, Mto Tana, Lamu na mengineyo. Kiwango kilichokuja kuwa maarufu, na ambacho walimu wamekipigania kwa miaka mingi, ni asilimia 30 ya mshahara wa msingi.

Sisi tuliosomea uhandisi tumezoea kuikagua nguzo kwa kuuliza imewekewa mzigo gani. Hebu tuulize hivyo hapa. Posho hii ilitakiwa ibebe nauli ya kwenda kwao wakati wa likizo, kodi ya nyumba mahali pasipo na nyumba za kupanga, maji ya kununua, bei ya unga uliosafiri mbali, na upweke wa kukaa mbali na mke au mume na watoto. Mizigo yote hiyo haitegemei cheo cha mtu. Lakini posho yenyewe ilihesabiwa kwa cheo, kwa sababu ni asilimia ya mshahara.

Tuchukue mfano wa kubuni tu. Mwalimu kijana ana mshahara wa msingi wa shilingi 10,000. Posho yake ni 3,000. Mwenzake mwenye miaka ishirini kazini ana 20,000; posho yake ni 6,000. Wote wanakunywa maji ya dumu lilelile, kwa bei ileile, na nauli ya basi ni moja. Kwa hiyo aliyekwisha kuota mizizi anapata mara mbili ya kijana, ilhali kijana ndiye anayeondoka kwanza. Hii ni kasoro ya hesabu wala si ya nia, lakini kasoro ya hesabu nayo huangusha nyumba.

TANZANIA ILIPITA NJIA NYINGINE

Upande wa pili wa mpaka, Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 haikutaka kumbembeleza mwalimu kwa fedha. Mwalimu alipangiwa kituo, akaenda. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Zaidi ya vijana 30,000 waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu hukohuko vijijini, huku wakifundisha. Hao ndio tuliowaita walimu wa UPE, na wengi wa kizazi chetu tulishikishwa chaki nao.

Watu wamewacheka walimu wa UPE kwa elimu yao ndogo. Lakini kwa upande wa kubaki kituoni, kuna jambo la kuangalia. Wengi walikuwa watu wa mkoa uleule. Walijua lugha ya pale, walikuwa na shamba au wangeweza kupewa, walioa na kuolewa pale. Hawakuhitaji nauli ya kwenda kwao, kwani walikuwa kwao.

Kilichowashinda ni miaka ya 1980. Bei zilipanda, mshahara ukabaki nyuma mpaka ukawa haumalizi wiki mbili. Tunaokumbuka tunakumbuka: mwalimu aliuza barafu na maandazi kwa wanafunzi wakati wa mapumziko, mwingine alifuga kuku nyuma ya ofisi, na wa mjini akaanzisha tuisheni ya jioni ya kufundisha kile alichopaswa kukifundisha asubuhi. Hao hawakuacha kazi. Majina yao yalibaki katika daftari na miili yao ilifika shuleni, lakini nguvu zao zilikwenda kwingine. Hili nalo ni somo la kwanza la historia yetu: mwalimu anaweza kuondoka bila kutoka.

Na ilipofika siku ya mshahara, aliye mbali alilazimika kuufuata makao makuu ya wilaya. Siku ya kwenda, siku ya kusubiri, siku ya kurudi, na nauli na malazi vyote vikitoka katika mshahara huohuo. Mwalimu wa mjini hakukatwa kodi hiyo.

KENYA 1997: AHADI KUBWA

Turudi Kenya, ambako ahadi kubwa kuliko zote ilitolewa. Oktoba 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba, KNUT chini ya Katibu Mkuu wake Ambrose Adongo iliitisha mgomo wa nchi nzima. Shule zilifungwa. Serikali, ikiwa haitaki kuingia katika uchaguzi na walimu wenye hasira katika kila kijiji, ikakubali nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu katika miaka mitano. Pamoja nayo ziliandikwa posho: ya nyumba asilimia 50 ya mshahara wa msingi, ya matibabu asilimia 20, na ya mazingira magumu asilimia 30. Mambo haya yalitiwa katika Notisi ya Kisheria nambari 534 ya mwaka 1997. Hayakuwa maneno ya jukwaani, yalikuwa sheria.

Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita. Kisha serikali ikasema hazina haina uwezo. Walimu wakagoma tena Oktoba 1998, wakarudi mikono mitupu. Katika mwaka huohuo wa 1998 uajiri wa walimu wapya ulisimamishwa, kwa mujibu wa masharti ya kubana matumizi. Mwaka 2002, mwaka mwingine wa uchaguzi, wakagoma tena, na mwaka 2003 serikali mpya ikakubali kulipa kilichobaki kidogo kidogo. Lakini suala la zile posho halikuzikwa. Juni na Julai 2013 walimu walikuwa barabarani wakidai posho za mwaka 1997. Mtoto aliyezaliwa wakati ahadi ile inatiwa saini alikuwa sasa kidato cha pili au cha tatu, na shule yake ilifungwa kwa sababu yake.

Mwaka 2015 ulikuja mkasa mwingine. Mahakama ya kazi iliwapa walimu nyongeza ya kati ya asilimia 50 na 60, serikali haikulipa, walimu wakagoma Septemba kwa majuma kadhaa, Novemba Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Ni Oktoba 2016 tu ndipo pande mbili zilipotia saini mkataba wa pamoja wa miaka minne, kuanzia 2017 hadi 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 54, na ambao kila upande ulijua utalipwa vipi na lini.

Ukiisoma historia hii haraka utasema walimu wa Kenya wanapenda migomo. Ukiisoma polepole utaona jambo jingine. Mingi ya migomo hii haikuwa ya kudai nyongeza mpya, ilikuwa ya kudai kilichokwisha kuahidiwa. Waswahili husema ahadi ni deni, na deni lisilolipwa huzaa. Mshahara mdogo watu huupangia. Hulima, hufanya biashara ndogo, hubana matumizi. Lakini fedha iliyoahidiwa mtu huikopea. Huweka msingi wa nyumba, humpeleka mtoto shule ya bweni. Isipokuja, anaanguka pabaya zaidi kuliko pale alipokuwa kabla hajaahidiwa.

Na hapa tutaje kitu ambacho hakisemwi sana. Pamoja na misukosuko yote hii, walimu wengi wa Kenya hawakuacha kazi. Kwa nini? Sehemu ya jibu ni ushirika wao wa akiba na mikopo, Mwalimu, ulioanza mwaka 1974, ambapo makato hufanywa moja kwa moja katika mshahara. Mwalimu mwenye hati ya mshahara ya TSC anakopesheka. Anaweza kujenga na kulipia karo. Hakuna aliyeiita hiyo motisha ya fedha, lakini imewashika watu wengi kuliko posho nyingi. Rwanda ililiona hili na mwaka 2006 ikaanzisha chombo kama hicho kwa walimu wake, Umwalimu SACCO, kabla ya kuja kupandisha mishahara Agosti 2022 kwa asilimia 88 kwa walimu wa msingi na asilimia 40 kwa wa sekondari.

MZIGO AMBAO POSHO HAIUBEBI

Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Abiria 28 waliuawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba. Watu hawa walikuwa wakipokea posho ya mazingira magumu. Miezi michache baadaye, Aprili 2015, ikaja mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa.

Shule zilipofunguliwa mwaka 2015, mamia ya walimu waliotoka mikoa mingine walikataa kurudi Kaskazini Mashariki. Walipiga kambi nje ya makao makuu ya TSC Nairobi wakiomba uhamisho. Waliambiwa watapoteza kazi. Wengi walikuwa tayari kuipoteza. Mwaka 2018 walimu waliuawa Qarsa, Wajir, na Januari 2020 wakauawa tena Kamuthe, Garissa, na TSC ikawaondoa wengi wasio wenyeji. Watoto wa huko, ambao hawakumkosea mtu, walibaki na madarasa matupu.

Hapa ndipo asilimia 30 ilipoonyesha kikomo chake. Posho inaweza kumlipa mtu kwa usumbufu. Haiwezi kumlipa kwa roho yake. Serikali iliyotoa posho mahali pa ulinzi iliona kwamba kitu kimoja hakisimami mahali pa kingine. Kwa kiasi kidogo, ndivyo ilivyo kwa nyumba na maji vilevile. Mwalimu wa kike anayepangiwa shule isiyo na nyumba wala choo chenye mlango hawezi kuununua mlango huo kwa posho, kwa kuwa mlango huo hauuzwi dukani. Lazima mtu aujenge.

Tanzania nayo ilifika kwenye namba ileile. Julai 2012 Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kiliitisha mgomo kikidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na asilimia 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliusimamisha mgomo siku chache tu baada ya kuanza. Kumbuka hali ya wakati ule: shule za sekondari za kata zilikuwa zimejengwa kila mahali kwa miaka michache, na wahitimu wa kidato cha sita walikuwa wamefunzwa kwa majuma machache tu na kupelekwa kufundisha, wananchi wakawabatiza jina la Voda Fasta. Majengo yalisimama kwa nguvu za wananchi. Mwalimu wa fizikia hakupatikana kwa nguvu za wananchi.

WENGINE WALIFANYAJE?

Gambia, nchi ndogo kuliko mikoa yetu mingi, mwaka 2006 ilianza kulipa posho ya asilimia 30, 35 au 40 kwa walimu wa shule za mbali, kulingana na mahali shule ilipo. Kigezo kilikuwa wazi: umbali wa shule kutoka barabara kuu, kuanzia kilomita 3. Hapakuwa na haja ya kumjua mtu wizarani. Walimu wakaanza wenyewe kuomba kupelekwa mbali, na wataalamu waliopima baadaye walikuta sehemu ya walimu wenye sifa katika shule hizo iliongezeka kwa takriban pointi 10 za asilimia. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wataalamu haohao walipopima matokeo ya wanafunzi hawakukuta kwamba yamepanda kwa wastani. Posho ilimleta mwalimu na kumkalisha. Kufundisha vizuri ni kazi inayohitaji mambo mengine.

Hapa Uingereza, ambako watoto wetu wanasoma, serikali imekuwa ikilipa walimu wa hisabati na fizikia walio wapya kazini fedha za ziada ili wasikimbie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kwamba nyongeza ya takriban asilimia 8 ya mshahara ilipunguza uwezekano wa mwalimu kuondoka kwa asilimia 23. Kwa hiyo fedha zinafanya kazi, hatuwezi kulikana hilo. Lakini mwaka 2023 nchi hiyohiyo ilianza kutoa pauni 10,000 kwa mwalimu wa fizikia au wa lugha atakayetoka nchi nyingine kuja kufundisha hapa. Motisha ya mwenye nacho ni pengo la asiye nacho. Ni kwa ajili hiyo nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana Septemba 2004 juu ya kanuni za kuajiri walimu kutoka nchi moja hadi nyingine, baada ya nchi ndogo kulalamika kwamba madarasa yao yanahamishwa kwa ndege.

Ndugu zetu wa Oman wanalijua hili kwa upande wa pili. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na shule 3 za serikali na wanafunzi 909. Ili kujaza shule mpya ilibidi kuleta walimu kutoka nje, wengi wakiwa Wamisri, na masharti yao yalikuwa na vitu vitatu: mshahara, nyumba, na tiketi ya kwenda likizo. Watu wenye asili ya Oman waliotoka Zanzibar, waliosoma na kufundisha huko, nao walirudi na kushika kazi katika taifa lililokuwa linajengwa. Tuangalie vitu vile vitatu. Waliopanga masharti hawakumpa mwalimu asilimia fulani na kumwacha ajitafutie nyumba jangwani. Walimpa nyumba.

Mfano wa mwisho ni Uganda, nao unatuhusu sana sisi watu wa sayansi. Mwaka 2022 serikali ya Uganda iliamua kuwapandishia walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi. Mwenzao wa historia au wa Kiswahili, mwenye shahada kama yao, alibaki na takriban robo ya kiasi hicho. Juni mwaka huo walimu wa sanaa waligoma. Mtu anaweza kuelewa nia: nchi inahitaji wahandisi na madaktari. Lakini katika chumba kimoja cha walimu, wenye vikombe vya chai vya aina moja, mmoja analipwa kwa wanne. Nani atashika zamu ya usiku bwenini? Nani atamfundisha mtoto kusoma swali la fizikia na kulielewa? Sisi wenyewe tulioishi kwa hesabu tulifundishwa kwanza kusoma, na aliyetufundisha kusoma hakuwa mwalimu wa hesabu.

SASA SISI TUFANYEJE?

Tukirudi kwenye vyama vyetu, tunaona mambo manne ambayo historia hii inatuambia.

Kwanza, tusitoe ahadi ya kila mwezi kwa michango ya kila mwezi. Tunajua hali yetu. Mwaka huu tuko arobaini, mwakani wengine wamehama, wengine wamepoteza kazi, wengine wamekasirikiana na mweka hazina. Serikali ya Kenya, yenye hazina na mamlaka ya kodi, ilishindwa ahadi ya miaka mitano. Kama tunataka kumwongezea mwalimu, basi fedha za miaka mitatu zipatikane kwanza, ziwekwe mahali, ndipo mwalimu aambiwe. Na aambiwe tarehe ya mwanzo na tarehe ya mwisho.

Pili, tujenge nyumba kabla ya kutoa posho. Nyumba mbili za walimu zenye tangi la maji ya mvua, choo, na umeme wa jua wa kusomea na kuchajia simu, hugharimu fedha mara moja. Hazihitaji kutumwa kila mwezi, hazipandishi chuki kati ya walimu, na mwalimu akihama nyumba inabaki kumngoja mwingine. Kwa upande wa hesabu, nyumba ndiyo posho pekee isiyoliwa na kupanda kwa bei.

Tatu, kama kuna posho, iwe kiasi sawa kwa kila mwalimu wa shule ile, si asilimia ya mshahara wala si kwa somo. Kiasi kidogo kinachompunguzia kijana gharama ya maji na nauli kina maana zaidi kuliko kikubwa kinachompa mmoja na kuwanyima watano. Na mwalimu mkuu na halmashauri wajue, ili isionekane kwamba tunamwajiri mtumishi wa serikali kwa mlango wa nyuma.

Nne, na hili ndilo la muda mrefu, tuwasomeshe ualimu watoto wa palepale. Kaskazini Mashariki ya Kenya imejifunza kwa damu kwamba mwalimu anayebaki wakati wa shida ni yule ambaye hapo ni kwao. Walimu wa UPE wa Tanzania, pamoja na upungufu wao wote, walilionyesha hilo takriban miaka hamsini iliyopita. Karo ya chuo cha ualimu kwa wasichana wawili na wavulana wawili wa kijijini inaweza kuwa sawa na ile posho tuliyotaka kuitoa, na matunda yake yatadumu miaka thelathini.

Wapo watakaosema kwamba tunachelewesha msaada kwa maneno mengi, na watoto wako darasani sasa hivi bila mwalimu. Hoja yao ni ya kweli, na inauma. Lakini watoto haohao watakuwa darasani pia siku ile mwalimu tuliyemwahidi atakapofungua simu yake mwisho wa mwezi na kukuta hakuna kilichoingia. Mwezi wa kwanza atavumilia. Wa pili atauliza. Wa tatu ataandika barua ya kuomba uhamisho, na safari hii ataondoka akiwa na sababu, na sababu hiyo itakuwa sisi.

Kwa hiyo mkutano ujao, mtu akisimama na kusema tuchange, tumpigie makofi kwa moyo wake mwema. Kisha kabla ya daftari la michango kuzungushwa, mweka hazina asome kwa sauti kiasi kilichomo katika akaunti na kinatosha miezi mingapi. Wale wawili watatu wenye maswali wasinyamazishwe. Wanamwulizia mwalimu ambaye hayupo ukumbini.